Nyama Tuliyoichoma Gumbo

Karani mpya wa Kamati ya Wanyamapori na Uvuvi alinipigia simu wiki mbili baada ya mimi kurudisha funguo za ofisi. Aliomba nimwandikie kurasa mbili za kuwasaidia wajumbe wapya. Mambo ya kazi, alisema, siyo siasa. Nimejaribu. Kurasa zimezidi mbili na siasa imeingia, kwa sababu katika Juba ya miaka ya vita hata kambare alikuwa siasa. Ninaandika kwa Kiswahili, ambacho wengi wetu tuliorudi kutoka Uganda tunakijua kuliko tunavyokubali mbele ya watu. Kiingereza cha ripoti kimenichosha, na Kiarabu ninakisema tu, sijui kukiandika.

Nani aliniteua na kwa nini, hayo yaacheni. Itoshe kwamba niliwekwa kwenye kamati ya wanyama kwa sababu katika vita vya zamani, vile vya msituni, nilikuwa mwindaji wa kikosi. Nilikuwa na bunduki kama ya wenzangu, ila kazi yangu ilikuwa chakula. Asubuhi ninatoka na watu wanne wa kubeba, jioni ninarudi na nyamera wawili au swala sita, na siku isiyokuwa na hao, twiga. Twiga ana nyama nyingi na hajui kujificha. Nilipiga twiga wengi. Nilipiga na tembo pia, na pembe zikaenda na watu ambao sikuwauliza majina. Nilikuwa hodari. Ninayasema haya mapema ili msisome huko mbele mkidhani mwandishi ni mtu aliyewapenda wanyama tangu utotoni.

Amani ilipokuja, mke wangu na watoto walirudi kutoka Uganda, nilikoishi nao kabla ya kuingia msituni, tukajenga Gumbo, ng'ambo ya daraja la mto. Miaka michache baadaye nikawa mbunge. Vita vingine vilipoanza, hivi vya kati yetu wenyewe, nilikuwa tayari nimekaa bungeni muda wa kutosha kujua choo kipi kina maji.

Siku yangu ya kwanza kwenye kamati ilikuwa miezi michache baada ya risasi za mjini kunyamaza. Chumba kilikuwa na meza moja, viti viwili na kabati la chuma. Kiti kimoja kilikuwa cha karani, Mama Rozalina, mwanamke wa mtaa wa Kator, wakati ule ana miaka sitini na kitu, miwani imefungwa uzi. Yeye alikuwa amechapa barua za idara ya wanyama tangu enzi za vita vya zamani, mji ulipokuwa umezingirwa na hakuna aliyeweza kutoka kwenda kumwona hata sungura. Alikuwa akichapa vibali vya kuwinda ambavyo hakuna mtu angeweza kuvitumia, na akaviweka vyote kwa tarehe.

Nilimwambia ninataka kuandika sheria ya kulinda wanyama.

"Mnyama gani?" akauliza.

"Wote."

"Mheshimiwa, usiandike wote. Ukiandika wote, mtu atasoma hajaona hata mmoja. Andika nyamera. Andika tohe. Andika tembo kama bado wapo."

Kila kitu kizuri nilichowahi kuandika kilipita kwenye meza ya mama yule. Alinifundisha kwamba ripoti huanza na nani alikuwepo, siyo na tunavyosikitika. Alinifundisha kubeba daftari dogo linaloingia mfuko wa shati, kwa sababu kubwa utaliacha garini. Alinifundisha kupima wavu: unapitisha vidole viwili kwenye tundu, visipopita, wavu ule unavua watoto. Na mitego ya waya, alisema, usiichukue kwa idadi tu, angalia waya umetoka wapi. Niliangalia. Mingi ilikuwa kebo za breki za boda boda. Kumbe nusu ya mitego ya mbuga za mashariki ilikuwa imeanza maisha yake mjini, soko la Custom, kwa mafundi wa pikipiki.

Kesi ya kwanza ngumu ilikuwa ya mto. Miaka ile wakimbizi wa ndani walikuwa wamepewa vyandarua vya kuzuia mbu, na vingi vilikuwa vimeishia majini. Nilishuka ukingoni upande wa Gumbo nikawakuta watu wakivuta chandarua kama shuka, wanawake wawili upande huu na mwanamume upande ule. Yule mwanamume alinionyesha ndoo. Ilikuwa imejaa sangara wa urefu wa kidole.

"Hawa ni watoto," nikamwambia.

"Hata wangu ni watoto," akanijibu, akaendelea kumimina.

Sikumwandikia kosa. Tulipatana tubadilishane: alete chandarua, apewe wavu wa tundu kubwa. Mpango ulikwenda vizuri msimu mmoja, kisha nyavu za kubadilisha zikaisha na vyandarua havikuisha. Hata hivyo ninauhesabu kuwa mpango wangu bora, kwa sababu hakuna mtu aliyelia siku ile.

Sheria ya nyama ya porini ilikuwa jambo jingine.

Mashariki ya mto, swala na nyamera huhama kwa majira, makundi ya kuziba upeo wa macho. Vita vilileta bunduki kila kijiji, na barabara zilipofunguka kidogo, malori yakaanza kutoka huko na nyama kuja mjini. Mimi sipingi uwindaji. Nimekulia kwenye nyama ya kuwindwa, na mtu anayemfuata mnyama kwa miguu na mkuki siku nzima ana haki ya kula. Ninachopinga ni gari na bunduki ya rashasha kuingia katikati ya kundi wakati majike wananyonyesha. Ule siyo uwindaji. Niliwahi kuufanya, kwa hiyo ninajua.

Lakini sheria niliyoiandika haikusema hivyo. Ilisema: ni marufuku kusafirisha au kuuza nyama ya porini mjini, na nyama itakayokamatwa itachomwa moto. Kipengele cha kuchoma nilikiweka mimi. Mama Rozalina alikikataa.

"Nyama ikikamatwa ipelekwe hospitali," alisema. "Kuna watu hawajala."

"Itafika hospitali mifupa, Mama. Unajua itapita mikononi mwa nani."

"Ninajua. Lakini moto hauli."

Wote wawili tulikuwa tunasema kweli, na mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti.

Kabla ya kupiga kura tulifanya mkutano wa kusikiliza wananchi, Custom, ndani ya banda la wauza mahindi. Nilipewa kipaza sauti cha betri kilichokuwa kikikoroma. Nilieleza habari za makundi, majike, watoto wetu watakaotuuliza. Nilipomaliza, mwanamke mmoja alisimama katikati. Alikuwa akiuza nyama kavu kwenye karai pale pale sokoni, jina lake Mama Poni. Alikuwa ameishi Uganda kama mimi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule.

"Mheshimiwa, mimi iko na swali moja tu. Wewe mwenyewe ulipiga wanyama ngapi?"

Watu walicheka. Gumbo na Custom wote walikuwa wanajua kazi yangu ya zamani.

"Mama, sisi tulikuwa vitani," nikasema.

"Na sisi sasa iko wapi? Harusini?"

Banda zima lilipiga makofi. Nilisubiri kipaza sauti kikorome kidogo ili nipate muda, kisha nikasema kwamba maoni yamepokelewa. Hiyo ndiyo lugha yetu, mtaizoea. Maoni yakipokelewa huwa yamekwisha. Sheria ilipita.

Kizuizi cha kukagua nyama kiliwekwa upande wa Gumbo, kabla ya daraja: kamba iliyovutwa barabarani, imefungwa mifuko ya nailoni ili madereva waione, na kibanda cha mabati. Aliyesimamia pale alikuwa Korporal Modi, askari wa wanyamapori, mrefu, mpole, mwenye gambuti zilizomzidi namba mbili. Naye alikulia kambini Uganda. Aliisoma sheria yangu yote, jambo ambalo baadhi ya wabunge walioipigia kura hawakulifanya, akanionyesha mahali palipokosewa namba ya kifungu. Alifungua kila gari. Alifungua hata gari la kasisi, akamwomba radhi, akaangalia chini ya viti.

Asubuhi moja, sheria ikiwa bado haijamaliza hata miezi miwili, Modi alinipigia simu.

"Mzee, njoo hapa kwa kamba. Kuna nyama."

Kutoka nyumbani kwangu ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nilikuta basi dogo limesimamishwa, na wanawake saba wameketi kando ya barabara na magunia yao. Ilikuwa nyama kavu, iliyofukizwa moshi, imefungwa vizuri kwa kamba za miti. Watu wa kambi ya wakimbizi iliyo karibu walikuwa wamekuja kutazama. Mmoja wa wanawake wale alikuwa Mama Poni. Aliniona, hakunisalimia.

Tulikuwa bado tunaandika majina lori lilipofika kutoka mashariki. Lilikuwa kubwa, limefunikwa turubai, na juu yake watu wanne wenye bunduki. Damu ilikuwa ikitiririka nyuma, na nzi walikuwa wamelifuata kama wafiwa. Mwenye lori lile sitamtaja. Alikuwa mkubwa, na hakuwa ndani ya lori. Wakubwa hawasafiri na nzi.

Modi aliishika kamba. Kiongozi wa wale watu akashuka.

"Fungua."

"Afande, kuna sheria," Modi akasema. "Hata Mheshimiwa mwenyewe ni huyu hapa."

Yule mtu alinitazama kuanzia viatu. "Mheshimiwa gani?"

Nikajitambulisha. Nilitaja jina langu, kamati yangu na sheria yenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo lazima niliseme, kisha akanishika mkono kama mtu anayemwongoza mgeni, akanipeleka nyuma ya lori na kuinua turubai yeye mwenyewe. Swala walikuwa wamepangwa kama kuni. Nyamera walikuwa chini yao. Majike wengi walikuwa na maziwa, yalikuwa yanatoka bado. Na ndama.

"Umeona?" akasema. "Haya. Sasa fungua."

Wenzake juu ya lori walikwishakoki bunduki. Hawakuzielekeza popote. Walizikoki tu, tusikie.

Nilimwambia Modi, "Achia kamba."

Modi alinitazama. Nadhani alikuwa akingoja nicheke, au niseme neno jingine. Halafu akaiachia kamba ikalala barabarani, lori likapita juu yake. Nilisoma namba ya gari nikaiandika kwenye daftari la mfuko wa shati, na hiyo ndiyo kazi pekee ya maana niliyoifanya asubuhi ile.

Walibaki wanawake saba na magunia. Watu wote walikuwa wakinitazama mimi.

"Na sisi?" Mama Poni akauliza.

Nimeyafikiria yale mara nyingi kuliko ninavyofikiria vita vyenyewe. Ningeweza kuwaambia waende. Nilijiambia kwamba nikiwaachia kwa sababu lori limepita, sheria itakuwa imekufa mbele ya watu na kila gari litadai lipite. Nilijiambia kwamba sheria haichagui. Maneno haya yalikuwa na mpangilio mzuri kichwani mwangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeaibishwa, na mtu aliyeaibishwa na mwenye bunduki hutafuta asiye nayo.

Nilisaini amri ya kuchoma. Magunia yaliwekwa kwenye shimo nyuma ya kibanda, Modi akamwaga dizeli, akawasha.

Wajumbe wapya, hili hamtalisoma kwenye kanuni: nyama kavu ikichomwa haitoi harufu ya kitu kinachoharibika. Inatoa harufu ya chakula. Kwa muda, kabla dizeli haijaishika vizuri, ilikuwa ni harufu ya jikoni kwa mtu mwenye sherehe. Watu wa kambi walikuwa wamesimama kimya wakimeza mate, na mzee mmoja alisogea karibu na shimo akanyoosha shingo, akarudi. Hakuna aliyetupa jiwe. Afadhali wangetupa.

Mama Poni alikaa chini akiutazama moto mpaka ulipoanza kupungua. Kisha akasimama, akapangusa sketi, akasema, "Kalas." Imekwisha. Alipopita karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, bila matusi: "Wewe unaweza karai tu, lori huliwezi."

Nilikwenda ofisini moja kwa moja, nikinuka moshi, nikasimama mbele ya Mama Rozalina. Nikamwambia achape ripoti: siku, mahali, lori, namba, wanyama niliowaona. Nilikuwa nazungumza haraka. Nilijiona jasiri sasa, mezani. Alipofika mahali pa mashahidi akaacha kuchapa.

"Shahidi ni nani?"

"Mimi."

"Na mwingine?"

"Korporal Modi."

"Umemuuliza?"

"Nitamuuliza," nikasema. "Andika."

Akaandika. Sikumuuliza. Sikuwa na nia mbaya, na sikuwa na haraka ya kweli pia, kwani ripoti ilingoja siku nne kabla ya kusomwa. Katika siku nne nilipita darajani mara nane na kumwona Modi mara nane. Lilikuwa limenitoka kichwani. Niliona jina lake kama sehemu ya ripoti, kama muhuri.

Niliisoma bungeni. Wachache walipiga meza, wengi walitazama karatasi zao. Baada ya siku mbili walikuja kumchukua Modi kwenye kamba yake. Mimi hawakunigusa. Mimi nilikuwa na cheo.

Mke wake, Keji, alikuja nyumbani kwangu mchana uleule, amebeba mtoto mgongoni. Mke wangu alimpa kiti, hakukaa.

"Mzee, wamemchukua. Wanasema alikula rushwa kwa wale wanawake wa magunia."

"Ni uongo."

"Najua ni uongo. Nimekuja uniambie yuko wapi."

Sikujua. Kwa siku tisa nilizunguka ofisi za mji huu, nyingine zenye bendera na nyingine zisizo na hata kibao mlangoni. Kila mmoja alinipokea kwa heshima na kunielekeza kwa mwingine. Nilikunywa chai nyingi sana. Siku ya kumi nilipokelewa na bwana mmoja mwenye suti, sauti laini, ambaye cheo chake sikukielewa na sikuambiwa. Alinimiminia chai yeye mwenyewe.

"Mheshimiwa," alisema, "vumbi la Gumbo ni jingi. Mtu anaweza kusoma namba ya gari vibaya."

Akanisogezea sukari.

"Kama namba ilisomwa vibaya, basi hakuna kesi. Kama hakuna kesi, shahidi wa nini? Anarudi kwa watoto wake."

Nilirudi kwa Mama Rozalina nikamweleza. Nilitaka anikataze. Sijui kwa nini nilitaka hivyo, labda ili niweze kusema baadaye kwamba nilikatazwa au kwamba nilimshinda. Alivua miwani akaipangusa kwa kona ya kitambaa chake.

"Ripoti inaweza kungoja kabatini," akasema. "Mtu hawezi kungoja pale alipo."

Kesho yake nilisimama bungeni nikaomba kusahihisha ripoti. Nilisema kwamba kutokana na vumbi nilikosea namba ya gari, na kwamba kamati haina uhakika ni lori gani lililopita. Mjumbe mmoja aliuliza kama kamati inahitaji kununuliwa miwani. Walicheka kwa muda mrefu, pamoja na wale waliokuwa wamepiga meza wiki mbili kabla. Spika akashukuru kwa masahihisho. Mtayakuta kwenye kumbukumbu za vikao. Nakala ya ripoti ya kwanza, yenye namba ya kweli, iko kwenye kabati la chuma, droo ya chini, faili la kijani. Mama Rozalina hakuichana. Alisema karani kazi yake ni kuweka.

Modi aliachiwa siku ya tatu. Nilikwenda kumwona kwake, nyuma ya barabara ya Nimule, nyumba ya mabati. Alikuwa ameketi kwenye jerikeni, mguu mmoja ameunyoosha. Meno mawili ya mbele hayakuwepo, kwa hiyo maneno mengine yalitoka na upepo. Keji alikuwa akipepeta dagaa wakavu mlangoni na hakuinua uso.

Nilikuwa nimejipanga cha kusema. Nilimwambia nimekosa, nililitaja jina lake bila kumuuliza.

"Mzee, ungeniuliza ningekubali," akasema. "Hilo ndilo linaniuma. Ningekubali. Ningemtoa mke wangu na watoto kwanza, nikawapeleka kwa dada yangu, halafu ningesimama. Sasa walinikuta nimesimama bila kujua kwamba nimesimama."

Aliusogeza mguu kwa mikono miwili.

"Na ile namba," akaendelea, "ungeiacha tu kama ilivyo."

"Wewe nyamaza," Keji akasema kutoka mlangoni. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Nyamaza kabisa. Mzee, ulifanya vizuri kuifuta. Ungefanya vizuri zaidi kama usingeiandika."

Niliondoka na mawazo yao mawili, na mpaka leo sijaweza kuchagua. Kama mmoja wenu atakuwa na hakika kuhusu jambo hili, asiniambie.

Miaka iliyobaki ya vita niliitumia kujaribu kurekebisha sheria yangu mwenyewe. Niliandika marekebisho: mwenye gari aadhibiwe kabla ya mwenye karai, nyama iliyokamatwa ipelekwe hospitali na karani wa kamati aisindikize mpaka jikoni, mtu wa kijiji mwenye mkuki aachwe, mwezi wa kuzaa ufungwe kwa bunduki zote, za wakubwa na za wadogo. Yalisomwa mara ya kwanza. Kabla hayajasomwa mara ya pili mapigano yalirudi mjini, bunge likafungwa, tukakimbia, tukarudi. Yakasomwa tena mara ya kwanza. Mama Rozalina aliyachapa mara tatu, mara ya mwisho kwa kidole kimoja kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kukataa. Kisha akastaafu akaenda kukaa kwake Kator, na ninapokwenda kumsalimia huniuliza kama yamepita. Hayajapita. Yako kwenye faili hilohilo la kijani, chini ya ripoti. Kama mnatafuta kazi ya kuanzia, anzieni hapo, na futeni kipengele cha kuchoma kabla ya kitu kingine chochote.

Mama Poni aliacha nyama. Sasa anauza samaki wakavu, Custom, karibu na wanakopakia magari ya Uganda. Mwaka mzima nilikuwa nikipita hanioni. Halafu siku moja nilisimama mbele ya meza yake nikaomba kambare. Alinichagulia aliyekauka vizuri, akafunga, akanipa, akasema, "Huyu ni mkubwa, Mheshimiwa, hana kesi." Hakutabasamu. Tangu siku ile ninanunua kwake na tunaongea habari za bei ya chumvi.

Watu huniuliza kama wanyama wamebaki. Wamebaki. Makundi bado yanahama, na mwenye macho akienda mashariki kwa majira yake atayaona. Sisi hatukuyaokoa. Yaliokolewa na tope, kwa sababu malori hayapiti miezi ya mvua, na kwa sababu kuna mahali ambapo hata wakubwa wanaogopa mabomu ya ardhini ya vita vya zamani. Siku zangu za mwisho ofisini nilijikuta ninaandika sentensi ya kuyashukuru mabomu ya ardhini, nikaikata. Ndipo nilipojua kwamba muda wangu umefika.

Nilirudisha funguo, nikarudi Gumbo na maboksi mawili. Nilikuwa nimekodi gari dogo. Kwenye kamba dereva akapunguza mwendo, na aliyetoka kibandani alikuwa Modi. Walimrudisha pale pale, kwani hawakuwa na mwingine aliyekubali. Anachechemea, na gambuti ni zilezile.

"Fungua buti, Mzee," akasema.

Dereva alianza kumwambia huyu ni nani. Nikamzuia. Nilishuka nikafungua buti mwenyewe. Modi alitoa boksi la kwanza, akaangalia chini yake, akafungua la pili, akakuta karatasi na sweta, akafunga. Akaangalia chini ya viti.

"Pita."

Kutoka upande wa mashariki lori lililofunikwa turubai lilikuwa linakuja. Nilimwambia dereva asogee kando asubiri, nikasema ninatafuta miwani. Modi alilisimamisha. Aliongea na wa mbele, wale wa juu wakamtazama tu. Hakufungua chochote. Alizunguka mpaka nyuma, akasimama kidogo, akarudi, akashusha kamba. Lori likaenda darajani. Modi akatoa daftari mfukoni, akaandika.

Nilimfuata nikamuuliza anaandika nini.

"Namba," akasema. Akanipa nione. Zilikuwa safu kwa safu, kwa kalamu tofauti, kila moja na siku yake, na pembeni maneno mafupi: nzi, damu, pembe zimeonekana, harufu. Zilianzia wiki aliyorudi kazini.

"Umeambiwa na nani?"

"Hakuna. Na hakuna aliyenikataza, hawajui." Akalichukua daftari lake. "Hakuna jina la mtu humu, Mzee. Hata langu."

Nilitaka kumwambia mengi. Nilimwambia tu kwamba mvua zinakaribia, asikae nalo mfukoni hivyo, atafute mfuko wa nailoni aufunge vizuri. Akasema anao. Akainama akaivuta kamba, akaipandisha.